Nilipoacha Kuhesabu Jasho

Kwa miaka mingi nilikuwa na kipimo kimoja tu cha kujua kama nimefanya mazoezi ya maana: nilipaswa kurudi nyumbani nikihema, fulana imelowa, na miguu ikigoma kupanda ngazi. Siku niliyorudi bila dalili hizo niliihesabu kuwa imepotea. Kipimo hicho hicho nilikitumia kwa kila jambo lingine lililohusu afya yangu, kwa hiyo maji niliyanywa kwa kujilazimisha, kitandani niliingia mapema kwa nidhamu ya askari, na mgongo ulipouma nililala chali siku nzima nikiamini kwamba ninaupa haki yake. Mara tatu au nne kwa mwaka nilianza mpango mpya, na kila mpango ulidumu wiki tatu hivi, kisha ukafa kwa jeraha, kwa mafua, au kwa kuchoka tu.

Yaliyonisaidia hatimaye ni mambo ambayo, nilipoyasikia kwa mara ya kwanza, niliyaona kuwa ya kipuuzi au ya kivivu. Mimi si daktari wala mwalimu wa mazoezi. Ninaandika kama mtu aliyekosea kwa muda mrefu, akasoma, akajaribu, na akagundua kwamba bidii yake nyingi ilikuwa imewekwa mahali pasipostahili.

La kwanza, na ndilo nililochelewa zaidi kulikubali, ni kukimbia polepole. Ninaposema polepole ninamaanisha polepole ya kuaibisha, ile ambayo mtu anayetembea kwa haraka zake anaweza kukupita na kukusalimu. Stephen Seiler, mwanasayansi wa michezo Mmarekani ambaye amefanya kazi yake kwa miaka mingi nchini Norway, alichunguza namna wanariadha bora wa michezo ya ustahimilivu, kama vile kukimbia, kupiga makasia, kuendesha baiskeli na kuteleza kwenye theluji, wanavyoyagawa mazoezi yao. Aliona kwamba takriban asilimia 80 ya vipindi vyao hufanywa kwa nguvu kidogo, kwa mwendo ambao mtazamaji angedhani ni wa kupasha misuli moto tu, na kwamba sehemu ndogo inayobaki ndiyo inayofanywa kwa nguvu kwelikweli. Sisi tusiokimbilia medali yoyote hufanya vingine kabisa. Kila siku tunakimbia kwa mwendo wa katikati, ambao ni mzito mno kwa mwili kuupona kabla ya kesho na ni mwepesi mno kuupa changamoto ya kweli.

Sababu yake inaeleweka mtu akifikiria kinachotokea ndani. Katika mwendo mwepesi moyo hupata nafasi ya kujaa damu vizuri kabla ya kila pigo, na baada ya miezi kadhaa hujifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja. Mishipa midogo ya damu huongezeka ndani ya misuli. Mitokondria, vile vinu vidogo vinavyozalisha nishati ndani ya seli, huongezeka pia, na misuli huzoea kutumia mafuta kama kuni badala ya kuitegemea sukari yake iliyo haba. Mabadiliko hayo yote yanahitaji saa nyingi za kazi, na saa hizo hazipatikani kwa mtu ambaye kila baada ya kukimbia analazimika kupumzika siku tatu. Nguo yangu iliyolowa jasho ilinidanganya kuhusu jambo hili. Ilinionyesha jinsi nilivyochoka, lakini haikunionyesha kama ningeweza kurudi barabarani kesho yake.

Kipimo ninachotumia sasa hakihitaji saa ya kisasa. Ninakimbia kwa mwendo ambao ningeweza kusimulia kisa kwa sentensi kamili bila kukatisha kwa kuhema, na pale sentensi zinapoanza kukatika ninapunguza, hata kama kupunguza kunamaanisha kutembea kwenye mlima. Mara moja kwa wiki, na si zaidi, ninakimbia kwa nguvu hadi maneno yaniishe. Miezi miwili ya mwanzo nilijiona kituko. Tuna methali chungu nzima zinazosifu mwendo wa pole, tunazisema mbele ya watoto kila siku, lakini mtu akishavaa viatu vya kukimbilia anazisahau zote. Mwezi wa nne nilianza kuona kwamba mwendo ule ule wa mazungumzo ulikuwa unanifikisha mbali zaidi kwa muda ule ule, na kwamba tangu nianze sikuwa nimekosa hata wiki moja. Hilo la pili ndilo lililonishangaza.

Karibu na hili kuna suala la hatua elfu kumi. Nilikuwa na tabia ya kuzungukazunguka sebuleni saa nne usiku ili saa ya mkononi inipongeze, na nisipofikisha idadi nilikwenda kulala na hatia. Kumbe idadi hiyo haikutoka maabara. Ilitokana na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, mara tu baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo, ambacho jina lake, manpo-kei, lilimaanisha kipima hatua elfu kumi. Ilikuwa namba nzuri ya kuuzia bidhaa. Mwaka 2019 I-Min Lee na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanawake 16,741 wenye umri wa wastani wa miaka 72, wakaona kwamba waliotembea hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 41 kuliko waliotembea hatua 2,700, na kwamba faida iliendelea kupanda hadi kwenye hatua 7,500 hivi, kisha ikatulia. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba hatua zenyewe ndizo zilizoongeza uhai, kwa maana mtu mgonjwa hutembea kidogo kwa sababu ya ugonjwa wake, na vijana huenda wakahitaji zaidi. Hata hivyo, unaonyesha kwamba anayefaidika zaidi ni yule anayetoka kwenye kutotembea kabisa na kufika kwenye kutembea kidogo, na huyo ndiye mtu ambaye namba kubwa humkatisha tamaa kabla hajaanza.

Kwa sababu hiyo niliacha kuutazama mwendo kama deni la jioni na kuanza kuumwaga katika siku nzima. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1953, daktari Jerry Morris na wenzake waliwalinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa jijini London, watu wa tabaka moja na kazi moja, ambao tofauti yao kubwa ilikuwa kwamba dereva alikaa zamu nzima na kondakta alipanda vidato vya ngazi za basi kwa mamia. Makondakta walikuwa na ugonjwa wa moyo kwa kiwango kidogo zaidi. Hakuna kondakta aliyekuwa akifikiri kwamba anafanya mazoezi. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, liliondoa sharti la zamani kwamba shughuli ya mwili lazima idumu angalau dakika kumi mfululizo ndipo ihesabiwe, kwa hiyo dakika mbili za ngazi ni dakika mbili halali. Mimi nimehamisha vitu ninavyovihitaji kazini mbali na meza yangu, na simu ninaipokea nikiwa nimesimama. Ni mambo madogo kiasi kwamba ninaona haya kuyaandika.

Kwa wanaofanya mazoezi ili wapungue unene, nina habari ambayo mwanzoni ilinikera. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walipima nishati wanayotumia Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wakusanyaji ambao hutembea masafa marefu kila siku, wakitumia mbinu ya kunywesha maji yaliyowekewa alama za kikemia, ambayo ni miongoni mwa vipimo vya kuaminika zaidi vya matumizi ya nishati. Ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, Wahadzabe hawakuwa wakitumia kalori nyingi kuliko watu wa nchi za Magharibi wanaokaa ofisini. Inaelekea mwili unaotembea sana hubana matumizi mahali pengine, ingawa namna na kiasi cha kubana huko bado ni mada ya mjadala mkali kati ya wataalamu. Kwangu mimi somo lilikuwa la kivitendo: niliacha kula kwa kujilipa baada ya kukimbia, nikaacha pia kuudai mchezo unipunguze uzito. Kukimbia kunanifaa kwa moyo, kwa usingizi na kwa akili yangu. Uzito unaamuliwa zaidi kwenye sahani, na tangu nilipoyatenganisha mambo hayo mawili, mizani imeacha kuniharibia siku.

Sasa niseme kuhusu maumivu, maana hapo ndipo silika yangu ilipokuwa inanidanganya kuliko mahali pengine popote. Mgongo ulipokuwa ukinikamata, na ulinikamata mara mbili kwa mwaka kwa uaminifu wa ajabu, nilikuwa ninalala. Kila jamaa aliyekuja kunijulia hali aliniambia nisijisumbue, nami nilimtii. Mwaka 1995 watafiti wa Finland walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusu wafanyakazi 186 wa jiji la Helsinki wenye maumivu makali ya mgongo wa chini, ambao waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: kundi moja lililala siku mbili, la pili lilipewa mazoezi maalumu ya mgongo, na la tatu liliambiwa liendelee na shughuli zake za kawaida kwa kadiri maumivu yatakavyoruhusu. Waliopona haraka zaidi ni wale wa kundi la tatu, na waliochelewa zaidi ni wale waliolala. Mara iliyofuata mgongo uliponikamata niliamka, nikaoga kwa shida, nikaenda kazini nikitembea kama mtu aliyebeba mayai kichwani, na siku ya tano nilikuwa karibu mzima, wakati zamani siku ya tano ilinikuta bado nimejilaza. Lazima niweke mpaka hapa. Maumivu ya mgongo yanayofuatana na ganzi ya sehemu za siri, miguu kukosa nguvu, kushindwa kuzuia haja, homa, au yaliyoanza baada ya kuanguka vibaya ni ya hospitali, tena siku hiyo hiyo.

Kisa ninachokipenda zaidi katika mambo haya ni cha Håkan Alfredson, daktari wa upasuaji wa mifupa nchini Sweden, aliyekuwa akikimbia na akasumbuliwa kwa muda mrefu na kano ya kisigino. Aliomba kufanyiwa upasuaji, mkuu wake akakataa. Kwa hasira akaamua kuimaliza kano hiyo yeye mwenyewe: akaanza kuishusha miguu yake kwa uzito kwenye ukingo wa ngazi, akiyakaribisha maumivu, akitarajia kwamba kano itakatika na mkuu wake hatakuwa tena na sababu ya kukataa. Badala ya kukatika, kano ilipona. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wanamichezo 15 waliofuata utaratibu huo kwa wiki 12, wakishusha kisigino mara 180 kwa siku, na wote walirudi kukimbia. Tangu hapo kuilemea kano iliyochakaa, kwa kipimo na kwa subira, kumekuwa sehemu ya kawaida ya tiba ya fiziotherapia. Kano hujengwa na mzigo. Ikipumzishwa tu hutulia kwa muda, kisha huuma upya siku ya kwanza ya kurudi barabarani.

Hata barafu nimeipunguza. Gabe Mirkin, daktari Mmarekani aliyebuni mwaka 1978 kanuni maarufu ya kupumzisha jeraha, kulitia barafu, kulifunga na kuliinua, aliandika miaka mingi baadaye kwamba barafu na mapumziko kamili vinaweza kuchelewesha kupona, kwa sababu uvimbe ule tunaoukimbilia kuuzima ni sehemu ya kazi ya ukarabati. Ni nadra mtu kuirekebisha hadharani kanuni yake mwenyewe, na kwa hilo ninamheshimu kuliko kwa kanuni yenyewe. Barafu bado inapunguza maumivu, na mtu aliyeteguka kifundo cha mguu hana haja ya kuteseka, ila mimi sijitumbukizi tena katika maji baridi baada ya kunyanyua vyuma. Jaribio moja la mwaka 2015 liliwaweka vijana kwenye maji ya nyuzi 10 kwa dakika 10 baada ya kila kipindi cha mazoezi ya nguvu, na baada ya wiki 12 misuli yao ilikuwa imekua kidogo kuliko ya wenzao waliopoza miili kwa baiskeli ya taratibu. Ule ujasiri wote wa kutetemeka ulikuwa unakula faida.

Kuhusu magoti nitakuwa mfupi. Kila nikitaja kwamba ninakimbia, mtu mmoja kati ya waliopo hunionya kwamba nitayamaliza magoti yangu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba ugonjwa wa kuchakaa kwa viungo vya nyonga na goti ulikuwa kwa takriban asilimia 3.5 ya wakimbiaji wa kujifurahisha, asilimia 10.2 ya wasiokimbia, na asilimia 13.3 ya wakimbiaji wa mashindano makubwa. Huenda wenye magoti mabaya huacha kukimbia mapema na kuzipendezesha hesabu. Hata hivyo, kiti hakijapata kuyalinda magoti ya mtu yeyote, kwa sababu gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, haina mishipa ya damu na hupata lishe yake kwa kubanwa na kuachiliwa.

Nilipoanza kunyanyua uzito, nilimshawishi mama yangu naye aanze. Ana zaidi ya miaka sabini. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. “Mwanangu, mimi nimefika umri wa kubebewa, wewe unaniambia nibebe?” Nilimweleza kwamba tunapozeeka misuli hupungua, na kwamba mtu anayeshindwa kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono anakaribia kuanguka. Nilimsimulia jaribio la Maria Fiatarone na wenzake, lililochapishwa mwaka 1990, ambalo liliwachukua wazee dhaifu kumi wa makao ya kulelea wazee, wenye umri wa miaka 86 hadi 96, wakanyanyua uzito mkubwa kwa miguu kwa wiki nane chini ya uangalizi. Nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaacha kutembelea mkongojo. “Sasa hao wawili walikuwa na umri gani?” akauliza, na hapo nikajua kwamba nimempata. Baada ya daktari wake kuridhia, alianza kwa kuketi na kuinuka kitini mara nane bila kutumia mikono, na sasa anafanya hivyo akiwa amekumbatia mfuko wa kilo tano. Sisi tulio wachanga kwake tunamkimbilia kumpokea kila mzigo anaoushika, na kwa upendo huo tunamnyima dawa. Nimejizoeza kuuacha mzigo mdogo mkononi mwake, ingawa wageni huniona sina adabu.

Nimefika kwenye usingizi, ambako nilikuwa nimepotea zaidi. Nilikuwa mtu wa kuamka usiku wa manane na kukaa macho saa mbili nikihesabu saa zilizobaki. Suluhisho langu lilikuwa kuingia kitandani mapema zaidi ili nifidie, kwa hiyo nilijilaza saa tatu na nusu usiku na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, saa nane na nusu za kitanda nilizopata ndani yake saa sita hivi za usingizi uliochanikachanika. Richard Bootzin alieleza mwaka 1972 mbinu ambayo msingi wake ni rahisi: kitanda unachokesha ndani yake hujifunza kuwa mahali pa kukesha. Ukiona huwezi kulala, toka. Nenda chumba kingine, kaa kwenye mwanga hafifu, fanya jambo la kuchosha, urudi tu pale usingizi unapokulemea. Miaka 15 baadaye Arthur Spielman na wenzake wakaeleza hatua ambayo inaonekana kuwa ya kikatili zaidi, nayo ni kuupunguza muda wa kitandani hadi ulingane na usingizi unaoupata kweli, bila kushuka chini ya saa tano hivi, kisha kuuongeza kidogo kidogo kadiri usingizi unavyoujaza.

Nilifanya hivyo. Kwa wiki kadhaa nilikatazwa kitanda kabla ya saa sita usiku, na niliamka saa kumi na mbili asubuhi hata kama nililala vibaya, hata siku za mapumziko. Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya; nilisinzia kwenye mkutano na nikamjibu mtu kwa ukali asiostahili. Wiki ya pili nilianza kulala ndani ya dakika chache, na usingizi ukawa kipande kimoja. Hapo nikaruhusiwa robo saa zaidi, kisha robo nyingine. Mbinu hizi mbili ni nguzo za tiba ya kisaikolojia ya kukosa usingizi, ambayo chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilipendekeza mwaka 2016 iwe tiba ya kwanza kwa kukosa usingizi kwa muda mrefu, kabla ya vidonge. Hazimfai kila mtu peke yake: dereva wa safari ndefu, mtu mwenye kifafa, au mwenye maradhi ya akili yanayochochewa na kukosa usingizi hapaswi kuijaribu hatua ya Spielman bila msaada wa mtaalamu.

Katika usiku mgumu ninatumia pia hila ndogo ambayo wataalamu nao huitumia, ya kujiambia kwamba leo sitalala. Ninalala chali gizani, macho wazi, nikijitahidi kwa upole kubaki macho. Usingizi ni kama paka: ukimfuata anakimbia, ukimpuuza anakuja mwenyewe kukukalia miguuni. Na ninaoga maji ya moto saa moja au mbili kabla ya kulala, kwa sababu joto huileta damu kwenye ngozi ya mikono na miguu, damu hiyo hulitoa joto nje, na kiini cha mwili hupoa, jambo ambalo ndilo mwili hulihitaji ili ulale.

Kuhusu maji ya kunywa, niliacha kujilazimisha glasi nane baada ya kufahamu kwamba pendekezo la Marekani la mwaka 1945 la takriban lita mbili na nusu kwa siku liliongeza papo hapo kwamba sehemu kubwa ya maji hayo imo ndani ya chakula. Watu walibeba sentensi ya kwanza wakaiacha ya pili. Kunywa kupita kiasi kuna hatari zake pia: katika mbio za marathoni za Boston za mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu baada ya kumaliza, na asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyoshuka chini ya kawaida, hasa wale waliokunywa kiasi cha kuongezeka uzito njiani. Katika mbio hizo hizo mkimbiaji mmoja alifariki kwa sababu hiyo. Mimi hunywa ninapoona kiu. Wazee, ambao kiu yao hufifia, na watu wenye mawe ya figo wana hesabu nyingine, na mama yangu ninamkumbusha bila aibu.

Meno yalinifundisha kusubiri. Nilikuwa ninapiga mswaki mara tu baada ya kula tunda chachu, nikijiona msafi kupindukia, kumbe asidi hulainisha tabaka gumu la nje la jino, na mswaki unaolikuta likiwa laini hulikwangua. Sasa ninasukutua kwa maji tu na kusubiri angalau nusu saa. Nikishapiga mswaki ninatema povu na sisukutui tena, ili floraidi ya dawa ibaki mahali ilipowekwa. Vijiti vya pamba vya masikioni nimevitupa vyote; nta ya sikio hutoka yenyewe, na kijiti kazi yake kubwa ni kuisukuma ndani.

Lililonishinda mpaka leo ni lile la kuamka saa ile ile siku za mapumziko. Nililiweza kwa wiki zile za matibabu, nikalipoteza mara tu usingizi uliporudi. Jumapili iliyopita niliizima kengele, nikaamka saa tatu asubuhi kichwa kizito, na jioni yake nikageukageuka kitandani hadi saa saba usiku, kisha nikatoka nikaenda kukaa sebuleni gizani, nikisubiri.